Wino wa kuchapia filamu za skrini: tuupime kwa taa

Haya jamani, mafundi wenzangu, shikamooni wakubwa zangu mliokaa hapo mbele, na nyie vijana mliosimama kule nyuma mambo vipi, sogeeni bwana viti bado vipo. Nimeombwa niongee kuhusu katriji, yaani mtu anayeanza kazi ya kuchapa tisheti anunue wino gani wa kutolea filamu, ile plastiki angavu inayochapwa mchoro kwa weusi, na najua wengi mmekuja mkitegemea ntataja jina moja halafu mwende zenu Kariakoo mkaibebe. Majina ntayataja, msiwe na wasiwasi. Ila kabla ya majina nataka tukubaliane kitu kimoja: wino wa filamu kazi yake ni kuzuia mwanga, basi, hauna kazi nyingine, na mwanga wenyewe unaotakiwa kuzuiwa ni ule ambao jicho lako haliuoni vizuri.

Emulsheni, yaani ile dawa inayogandishwa na mwanga tunayopaka kwenye skrini, fremu yetu ya kitambaa cha wavu, iwe ya diazo, iwe ile ya haraka inayokuja imeshachanganywa, iwe hata ya bikromati ambayo bado naona watu wanaitumia (na hapo naomba nisimame kidogo, jamani bikromati ni sumu, inaleta kansa, ukiishika vaa glavu na usiimwage kwenye mtaro wa mtaani ambako watoto wanacheza, mwenye uwezo wa kuiacha aiache leo), zote zinagandishwa na mionzi ya UV (urujuanimno) na ya zambarau iliyo jirani yake, ile ya kuanzia kama nanomita 350 mpaka 420 hivi, iwe imetoka kwenye jua la saa sita, kwenye tyubu, au kwenye zile LED za zambarau. Palipopigwa na mionzi panaganda, palipokingwa na weusi wa filamu panabaki laini na maji yanapaondoa. Wote hapa mnalijua hilo, mnalifanya kila siku.

Sasa angalieni kinachotokea weusi wa filamu ukiwa dhaifu. Unachoma skrini, yaani unaipiga mwanga, muda wake sahihi, unaenda kuosha, herufi hazifunguki, unapiga maji mpaka kidole kinauma, hazifunguki. Unafanyaje? Unapunguza muda. Ulikuwa unachoma dakika nne unashuka tatu, unashuka mbili, herufi zinafunguka, unafurahi, unaandika ukutani kwamba muda wangu ni dakika mbili. Lakini ile emulsheni ya pembeni ambayo ilitakiwa igande kabisa haijaganda, imeshika juu juu tu, ukiigusa kwa ndani upande wa skwiji, ile raba ya kuvutia wino, inateleza kama ina mlenda, inatoa vitobo vidogo vidogo unaviziba kwa selotepu, halafu katikati ya oda, tisheti za shule hizo, mteja amekaa kwenye benchi anakuangalia, kona ya nembo inabanduka. Hapo lawama yote inaenda kwa emulsheni. Utasikia emulsheni ya siku hizi feki, muuzaji ameongeza maji. Mimi naomba kabla ya kumlaumu huyo muuzaji, kaangalieni filamu zenu, kwa sababu mara nyingi sana ugonjwa uko kwenye wino, na emulsheni imebebeshwa kesi isiyo yake.

Weusi wa filamu una kipimo chake, unaitwa densiti, na hesabu yake si ngumu. Densiti 1 maana yake katika kila sehemu 10 za mwanga inapenya 1. Densiti 2 inapenya 1 katika 100. Densiti 3 ni 1 katika 1,000, na densiti 4 ni 1 katika 10,000. Kwahiyo chukulia skrini yako inataka sekunde 200 ili igande sawasawa. Kama filamu ina densiti 3, emulsheni iliyo chini ya weusi imekula mwanga wa sekunde 0.2, hiyo haisikii kitu. Densiti 2 imekula sekunde 2. Densiti 1.5, ambayo kwa macho bado ni nyeusi kabisa na utaisifia, hiyo inapitisha kama sehemu moja katika 32, yaani imekula mwanga wa sekunde 6 na ushee, na hapo ndo mistari myembamba inaanza kushika na kugoma kuoshwa. Kazi nzuri inataka 3 kwenda juu, na ipimwe kwenye mionzi ya UV yenyewe. Kifaa cha kupimia kipo ila ni ghali, ntawaonyesha njia ya bure.

Kuna swali naulizwa sana, fundi mbona kwenye karatasi wino wangu unatoka mweusi tii, kwenye filamu unakuwa kama chai ya rangi? Jibu lake ni zuri sana na likikukaa kichwani hutadanganywa tena dukani. Kwenye karatasi mwanga unapita kwenye wino mara mbili: unashuka, unagonga weupe wa karatasi, unarudi juu kupitia wino uleule ndo ufike kwenye jicho. Unachujwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwenye filamu unapita mara moja tu na kwenda zake. Sasa yule muuzaji anayekuchapia ukurasa wa majaribio kwenye karatasi nyeupe ili akuonyeshe katriji yake ilivyo kali, kakuonyesha kitu cha kweli lakini hakihusiani na kazi yako. Mwambie achape kwenye filamu, beba kipande chako mfukoni, hakina uzito.

Na hata kwenye filamu, jicho halitoshi. Wazee wa kazi hii mnaikumbuka ile filamu nyekundu ya kukata kwa kiwembe, Rubylith ya kampuni ya Ulano? Unaona kabisa upande wa pili, unaweza kusoma gazeti kupitia ile nyekundu, lakini UV haipiti, skrini inatoka safi. Na kinyume chake kipo, weusi ambao ukiuangalia ni mweusi kweli ila UV inapenya, kwa sababu aliyeutengeneza alikuwa anafikiria barua na ripoti za ofisini, hakuwa na sababu ya kujali UV. Ndo maana kumulika filamu kwa tochi ya simu kunasaidia kuona mistari ya hedi (kichwa cha printa kinachorusha wino) iliyoziba na sehemu zilizoruka, lakini hakukwambii habari ya UV, ile taa nyeupe ya simu haina UV ya maana.

Haya, sasa madukani. Wino wa printa za maji uko wa aina mbili kubwa, wa dai na wa pigimenti. Wa dai rangi yake imeyeyuka kabisa, unanyonywa na ile tabaka ya juu ya filamu, unaingia ndani, unakauka vizuri na ukingo wa herufi unabaki mkali. Wa pigimenti ni vumbi laini sana linaloelea kwenye maji, unakaa juu, kwenye karatasi ya kawaida ni mzuri mno haufifii haraka, ila kwenye filamu nyingi unachelewa kukauka, unachafuka ukiushika, na saa nyingine ukikauka unapasuka pasuka. Nisiwadanganye, zipo pigimenti zinazofanya kazi safi kwenye filamu nzuri, watu wanazitumia. Lakini mtu anayeanza akiniuliza nichukue ipi ntamwambia chukua dai, utapata usumbufu mdogo.

Ukija kwenye printa zilizojaa mitaani kwetu. Zile HP ndogo za katriji mbili, nyeusi na ya rangi tatu, ile nyeusi kawaida ni pigimenti na ile ya rangi ni dai. Hedi iko kwenye katriji yenyewe na inarusha wino kwa kuuchemsha, kwahiyo ukijaza wino ambao haukutengenezwa kwa hedi ya moto unaunguza hedi. Na katriji zenyewe zina mililita chache, ile idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwa kurasa za ofisi zenye wino kidogo, filamu ya nembo kubwa iliyojaa weusi inakomba vibaya sana. Kwa kujifunzia sawa, kwa biashara mimi siishauri.

Canon za tanki, zile za G, na za katriji zile zenye majina ya PGI na CLI, hapa pana mtego naomba muusikilize vizuri. Mweusi mkubwa ni pigimenti, rangi ni dai. Ukiingia kwenye setingi ukachagua karatasi ya picha, printa inauacha ule mweusi wa pigimenti kabisa, inatengeneza weusi kwa kuchanganya rangi nyingine. Filamu inatoka ya kahawia au kijani kijani, na mtu anarudi dukani na katriji mkononi anasema imekufa. Haijafa, haijatumika! Ukichagua karatasi ya kawaida mweusi unarudi, lakini sasa printa inamwaga wino kwa kipimo cha karatasi ya kawaida na ni pigimenti, kwahiyo lazima ujaribu filamu yako inaupokea vipi. Hizo CLI zenye mweusi wake wa dai zina nafuu.

Epson ndo wengi wetu tumeishia, na kuna sababu yake. Hedi ya Epson haichemshi wino, inausukuma kwa kutikisika, hivyo inakubali wino wa aina nyingi bila kuungua. Halafu L1800, ambayo inatumia wino wa chupa wa namba 673, rangi sita, zote dai, inachapa mpaka A3+ na tone lake dogo kabisa ni pikolita 1.5. Kabla ya hapo kulikuwa na 1390 na 1400 za katriji, bado ziko kazini kwa watu. L805 ni kama mdogo wake, inaishia A4. Angalizo tu, Epson sio zote zina mweusi wa dai, wana wino wao wanaouita DURABrite ambao ni pigimenti, na wanaouita Claria ambao kwa kawaida ni dai, na baadhi ya printa za tanki mweusi wake ni pigimenti wakati rangi ni dai, kwahiyo usinunue kwa kuangalia umbo la printa, soma chupa, soma boksi, na kama boksi halisemi, muulize muuzaji, na kama muuzaji hajui dondoshea tone moja kwenye glasi ya maji: dai inasambaa na maji yanabaki ang'avu yenye rangi, pigimenti inayafanya maji yawe mazito kama yametiwa masizi. Sio kipimo cha maabara ila kinasaidia.

Sasa kuna wale mliofika mbali, mnaotaka weusi mkubwa kuliko mweusi mmoja unavyoweza. Njia yao ni kujaza wino mweusi wa dai kwenye tanki zote za printa, siani mweusi, majenta mweusi, njano mweusi, halafu mnatumia programu ya RIP inayoziambia hedi zote zifyatue kwa pamoja. Wino wa namna hiyo unauzwa, umetengenezwa makusudi uzuie UV. Matokeo yake ni mazuri kweli, haftoni, yaani vile vitone vidogo vya kutengenezea vivuli vya picha, zinakaa, na hedi zote zinafanya kazi kwahiyo haziko zinazokauka kwa kukaa bure. Ila kumbuka hiyo printa imeshakuwa ya filamu tu, hutochapa tena picha ya harusi ya shemeji yako. Na bila RIP usijaribu, printa haitajua kama tanki la njano lina weusi, ukiipa nyeusi itaendelea kutumia inachokijua.

Wino mwingi nao una shida yake, hili watu hawalisemi. Ukifungua mabomba yote, tone linatanuka, vitone vya haftoni vya asilimia 70 na 80 vinagusana vinakuwa dimbwi moja, na filamu inatoka imelowa. Ukiiweka kwenye skrini hivyo hivyo inanata kwenye emulsheni, ukiivuta inaondoka na weusi wake. Na kwa hapa kwetu Dar, huu unyevu wa pwani mnaujua, hasa miezi ya masika, filamu inavuta maji hata ikiwa bado kwenye pakiti iliyofunguliwa. Ifungeni kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, msivitupe, na ukishachapa iache ikauke kwa feni kabla hujaigusa.

Filamu yenyewe nayo. Ukichukua ile plastiki ya projekta ya zamani isiyo na tabaka la kunyonya, hata wino wa dhahabu utakuwa matone kama mvua kwenye kioo cha gari. Tafuta filamu ya inkijeti yenye tabaka, ile nyeupe kidogo kama maziwa, unene wa mikroni 100 unatosha. Upande wa kuchapia ushike kwa kidole chenye unyevu kidogo, unaonata ndo wenyewe. Na wakati wa kuchoma, upande wenye wino ndo uguse emulsheni, maana wino ukibaki upande wa pili mwanga unapenya pembeni kwa chini na mistari inakonda.

Treisingi pepa na printa ya leza sijazisahau, nazijua, na karatasi iliyopakwa mafuta ya kula pia naijua. Kwa herufi nene za tisheti za kampeni au za msiba zinatosha, fanya kazi upate riziki. Ila tona ya leza ina vitobo vitobo na joto linaikunja ile treisingi, ukiwa na rangi tatu zinazotakiwa zikutane hazitakutana. Watu wanabandika mbili juu ya nyingine kuongeza weusi, kwa herufi nene inaenda, kwa haftoni usithubutu.

Njia ya bure niliyowaahidi ni hii. Chukua skrini ndogo ya zamani, ipake emulsheni yako ya kila siku, ikauke gizani. Chapa kwenye filamu kisanduku cheusi kilichojaa, ukubwa wa kiberiti, na pembeni yake mistari myembamba. Halafu kata kipande cha foili ile ya kufungia chakula, ukubwa uleule, ukibandike kwenye filamu jirani na kisanduku. Foili haipitishi mwanga hata chembe, hiyo ndo itakuwa hakimu wako. Choma muda wako wa kawaida, halafu nusu ya filamu ifunike na kadibodi nzito uchome tena muda uleule ili nusu nyingine ichomwe mara mbili, kila nusu iwe na kisanduku chake na foili yake. Osha. Chini ya foili patafunguka tu kirahisi. Sasa angalia chini ya wino: kama pamefunguka sawasawa na foili, kwa urahisi uleule, tena hata kwenye ile nusu iliyochomwa mara mbili, huo wino ni wa kwako, endelea kuununua. Kama kwenye muda wa kawaida patagoma wakati foili imefunguka, basi huo wino kwa taa yako haufai, hata kama ni orijino, hata kama umeandikwa maneno gani kwenye boksi.

Mnaotumia jua, hili jaribio linawafaa kuliko wote, maana wingu likipita linaathiri foili na wino kwa pamoja, ulinganisho unabaki wa haki. Na nasema kwa taa yako kwa sababu LED nyingi za siku hizi zinatoa mionzi ya karibu nanomita 395 au 405, tyubu zile za bluu ziko chini zaidi, na wino unaweza kuwa mkali sehemu moja na legelege sehemu nyingine. Katriji aliyoisifia rafiki yako anayechomea tyubu inaweza ikakuangusha wewe mwenye LED, na hakuna aliyedanganya hapo.

Kuhusu orijino na kompatibo, yaani wino wa kampuni nyingine unaoingia kwenye printa yako, msimamo wangu ni kwamba sina ugomvi na kompatibo. Zipo nzuri. Tatizo la kompatibo ni kwamba chupa ya leo na ya mwezi ujao zinaweza zisiwe na wino mmoja japo lebo ni ileile, kwahiyo anayenunua kompatibo arudie jaribio la foili kila anapofungua chupa mpya, ni kazi ya nusu saa. Orijino unalipia uhakika kwamba haitabadilika. Mwenye oda nyingi za haftoni alipie huo uhakika, mwenye herufi nene anaweza kuokoa hiyo pesa. Na msichanganye dai na pigimenti kwenye tanki moja, zinagandana na hedi inakwenda, hedi ya L1800 bei yake mnaijua.

Kitu cha mwisho, filamu za oda zinazojirudia. Dai inafifia ikipigwa UV mara nyingi, kwahiyo ile filamu ya nembo ya shule unayoichoma kila Januari usiiache imebandikwa dirishani, iweke kwenye bahasha sehemu ya giza, na ikishatumika sana chapa nyingine, filamu moja ni rahisi kuliko skrini na oda. Printa nayo ichapeni ukurasa angalau mara moja kwa wiki hata kama hakuna kazi, hedi zisikauke.

Pale mezani kuna skrini mbili zimeshapakwa na zimekauka, ziko ndani ya lile boksi jeusi, na nimekuja na foili. Waliobeba vipande vya filamu zao wavilete, kila mtu aandike jina la wino wake kwa kalamu pembeni kwenye ukingo, tuvipange kwenye skrini moja tutoke nje tukachome sasa hivi wakati jua bado liko juu, maswali tutaulizana tukiwa tunaosha.